Taa ya kuoteshea "nyanya" kule Ndau

Najua nimekuwa kimya. Kazi zilinibana, halafu kulikuwa na jambo nililotaka kuliandika nikawa sijui nilianzie wapi. Leo naliandika hivyo hivyo. Linahusu taa, kwa hiyo nyinyi mnaokuja hapa kwa ajili ya vifaa msikimbie, hesabu zipo za kutosha. Mwenyewe anayehusika nimemsomea yote kwa simu kabla ya kuyaweka hapa. Alinitaka nibadilishe mambo mawili matatu, nikabadilisha.

Lilianza kwa ujumbe kutoka kwa binamu yangu. "Kaka, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Nitafutie taa za kukuzia mimea ndani ya nyumba. Nataka kuotesha nyanya."

Kwa wasiopajua, Ndau ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Lamu, upande wa kaskazini, jirani na Kiwayu. Kutoka mji wa Lamu unapanda boti, unapita Pate, na siku ya upepo unafika umelowa mpaka kitambulisho. Sisi wa huko ni Wabajuni, na kazi kubwa ni bahari. Maji matamu ni ya mvua, yanayokusanywa kwenye jabia, na mwaka ambao mvua haikunyesha kila mtu anajua jabia limebaki na kina gani. Nyumbani kwetu mboga nyingi huja kwa boti, na zikifika zimeshachoka kuliko abiria.

Binamu yangu ni mzamiaji wa kamba mawe. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, maji huwa maangavu na pesa huonekana. Ikiingia kusi maji yanachafuka, mawimbi yanakuwa makubwa, na kijana anakaa barazani miezi mizima akihesabu madeni. Kwa hiyo aliponiambia anataka kuotesha kitu cha kuuza nilifurahi kweli. Nilifurahi kiasi kwamba sikuuliza lile swali ambalo mtu yeyote wa Ndau angeliuliza: ndani ya nyumba kwa nini? Jua lina kasoro gani?

Badala yake nikazama kwenye taa. Mnanijua.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kupuuzwa. Utaona taa imeandikwa 1000, na herufi W pembeni au jirani jirani, ili wewe mwenyewe umalizie kwa kuamini ni wati 1000. Nilinunua moja ya namna hiyo kwenye duka la mtandaoni, shilingi 11,500, nikaichomeka kwenye kipima umeme pale sebuleni kwangu Nairobi. Ikasoma wati 97. Hiyo 1000 ni ya kulinganisha, eti inafanya kazi ya taa ya zamani ya wati 1000. Haifanyi. Namba ya kuamini ni ile inayotoka ukutani, na kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi si ghali. Nunua hicho kabla ya taa.

Cha pili ni lumeni. Sisi tumezoea kupima balbu kwa lumeni, lakini lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu. Jicho letu hupenda zaidi kijani, karibu na nanomita 555, kwa hiyo taa yenye rangi hiyo nyingi hupewa lumeni nyingi. Mmea haujali macho yetu. Wenyewe unatumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, na kinachohesabika ni idadi ya chembe za mwanga, yaani fotoni, zinazolifikia jani. Hesabu hiyo hufanywa kwa maikromoli kwa sekunde kwenye kila mita ya mraba, na kwenye maboksi utaikuta kwa herufi PPFD. Jua la saa sita mchana lisilo na wingu linatoa karibu 2000. Taa yangu ya sebuleni, niliyokuwa naiona kama imeshuka kutoka mbinguni, inatoa kama 550 nikiiweka ndani ya kisanduku cha sentimita 60 kwa 60 chenye kuta za kung'aa.

Kama huna kifaa cha kupimia, simu yako inaweza kukupa makadirio. Pakua programu ya kupima luksi, weka simu mahali litakapokuwa jani, kisha gawanya. Kwa mwanga wa jua gawanya kwa 54, kwa LED nyeupe gawanya kwa 65 hadi 70 hivi. Vipimo vya simu hudanganya, moja huzidisha na nyingine hupunguza, lakini angalau hutauziwa mshumaa kwa bei ya taa.

Halafu kuna rangi. Wengi tumeziona zile taa za zambarau, nusu nyekundu nusu buluu. Asili yake ni mchoro wa vitabuni unaoonyesha klorofili ikinyonya buluu na nyekundu na kuiacha kijani. Mchoro ule ni wa klorofili iliyokamuliwa ikawekwa kwenye chupa. Jani zima ni jambo jingine. Mtafiti Keith McCree wa Texas alipima majani ya mimea 22 ya shambani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972. Akakuta kwamba kijani nacho kinatumika, na si kidogo. Kwa hiyo LED nyeupe ya kawaida inafaa vizuri, na ina faida moja zaidi: unaona jani lako likianza kuugua. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi, na wewe mwenyewe unafanana na maiti.

LED nyeupe yenyewe ni diodi ya buluu iliyopakwa unga wa fosfori, na ile diodi ya buluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Naitaja kwa sababu naipenda hadithi ile. Turudi kwenye taa.

Cha mwisho, na kwa mtu wa sola ndicho cha kwanza, ni ufanisi: kila jouli ya umeme inakupa maikromoli ngapi? Zile balbu za kuviringika za kuokoa umeme haziifikii hata 1, au zinaigusa tu. Taa za sodiamu za njano, kama zile za barabarani, zile nzuri kabisa zinafika 1.7 hivi. LED nzuri ya leo inatoa 2.5 na kupita. Kwa mtu wa Ndau anayeishi kwa paneli hapo hakuna mjadala.

Nilipokuwa nasoma haya yote niligundua kitu cha kuchekesha. Karibu kila maelezo mazuri niliyoyapata, vipimo vya kweli, majedwali, watu waliofungua taa na kupima kila waya, yaliandikwa na watu wanaootesha bangi. Na inaeleweka. Mkulima wa nyanya hawezi kulipia stima ya kuwasha taa saa 18 kwa siku halafu akauza kilo kwa bei ya soko. Wa bangi anaweza. Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa Marekani, Evan Mills, alikadiria kwamba ukulima wa bangi wa ndani ya nyumba ulikuwa unakula karibu asilimia 1 ya umeme wote wa nchi ile. Mwaka huo huo jimbo la Colorado likapiga kura kuihalalisha, maduka yakafunguliwa Januari 2014, na makampuni ya taa nayo yakafuata pesa ilipo. Nikajiambia, haya, wametusaidia sisi wa nyanya bila kujua.

Wakati huo binamu yangu anaendelea kuleta mahitaji, moja moja, kama mteja wa programu asiyejua bado anachokitaka. Taa iwe na taima. Iwe inaweza kuwaka saa 18, halafu baadaye ibadilishwe iwe saa 12. Kuwe na hema la kufunga kwa zipu, mwanga usitoke. Na siku ya Jumatatu akaongeza: "Kaka, pia kuna kichujio cha mkaa cha hewa, cha harufu. Niangalizie bei."

Harufu ya nyanya?

Nikarudi juu kwenye ujumbe wake wa kwanza nikausoma upya. Nyanya. Huyu ni mtoto wa Ndau, na Ndau hatusemi nyanya, tunasema tungule. Alikuwa amenakili neno pamoja na mpango mzima kutoka kwa mtu wa bara, au alichagua neno la bara ili mimi ninayekaa bara nisijiulize. Saa 18 kisha 12 ndiyo iliyomaliza maneno. Tungule haingojei usiku uwe mrefu ndipo itoe maua, inatoa tu ikishakua. Kuna mimea mingine inayosubiri. Garner na Allard waligundua jambo hili Marekani kwa kuchunguza tumbaku, wakalichapisha mwaka 1920: kuna mimea inayohesabu urefu wa usiku, na usiku ukirefuka ndipo inatoa maua. Bangi ni wa kundi hilo. Ndiyo sababu wanaoiotesha ndani kwenye nchi za baridi huchezea taima namna ile.

Sasa niungame. Ujumbe wa kichujio niliuona Jumatatu. Nilimpigia simu Alhamisi. Siku tatu hizo sikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeandika programu fupi ya Python, mistari kama 30, ya kuhesabu paneli, betri na saa za taa, na nilikuwa nataka kujua kama mfumo wa nyumbani ungehimili. Niliingiza saa 18. Niliingiza saa 12. Nilijua naingiza nini. Ukiwa mtu wa kazi hii unaweza kuwa na tatizo tamu mbele yako mpaka usahau kwamba mwisho wa tatizo kuna chumba cha nyuma cha bibi yako.

Maana ndiko ambako hema lingewekwa. Nyumba ni ya bibi.

Haya, hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo niliyokuja kuitumia.

Nyumbani tuna paneli mbili za wati 150 kila moja, nilizonunua kwa mshahara wangu wa mwanzo mwanzo. Kwa saa 5 za jua kamili kwa siku zinaleta kilowati-saa 1.5. Ukiondoa vinavyopotea kwenye waya, chaja na betri inabaki kama 1.1. Betri ni ya volti 12, ampea-saa 200, ambayo kwenye karatasi ni kilowati-saa 2.4, lakini ni ya risasi, na ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaichimbia kaburi. Kwa hiyo ni 1.2. Friza ya samaki inakula kama 0.6. Taa za nyumba, simu za ukoo mzima na redio ya bibi, weka 0.2. Zinabaki 0.3.

Ile taa ya wati 97 kwa saa 12 inataka 1.16. Kwa saa 18 inataka 1.75. Hapo bado sijaweka feni, na hema lililofungwa kwa zipu bila feni katika joto la Ndau ni jiko, kwa sababu wati zote 97 zinaishia kuwa joto mle mle. Kwa maneno mengine, taa moja, ya kisanduku kisichozidi upana wa meza ya chai, inaitaka paneli yote, betri yote, na friza izimwe.

Kuna hesabu nyingine niliyoifanya baadaye ambayo naipenda zaidi. Chukua mita moja ya mraba ya paa la Ndau. Siku ya jua la kilowati-saa 5, inaangukiwa na karibu moli 37 za mwanga unaofaa mmea. Hiyo ni bure. Sasa weka paneli kwenye mita ile ile. Paneli inakamata asilimia 20, inakupa kilowati-saa 1. Kwenye betri na waya inashuka iwe 0.7. Unaipeleka kwenye LED nzuri ya maikromoli 2.5 kwa jouli, inatoka na moli 6 na ushei. Umenunua paneli, chaja, betri na taa, ukachukua moli 37 ukazifanya 6. Mimi nikikuta programu ya namna hii kazini naifuta yote, siirekebishi.

Na urefu wa usiku? Watu wa nchi za kaskazini wanalipia taa na taima kwa sababu kwao mchana wa kiangazi ni mrefu sana na wa baridi ni mfupi sana. Ndau ipo karibu digrii 2 kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka ni kama dakika 14. Sisi kwetu taima ya saa 12 imewashwa tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo kwenye mpango wa binamu yangu taa haikuwa ya mwanga hata kidogo. Ilikuwa ya kujificha.

Alhamisi usiku nikapiga. Salamu zikawa ndefu, mzima, hajambo, bibi hajambo, friza haijambo. Halafu nikamuuliza, "Tungule zako zinanuka vipi?"

Kimya. Nilisikia watu wakipita nyuma yake, pengine alikuwa barazani. Akaondoka pale, nikasikia mchanga.

"Kaka, usianze," akasema.

Hakukana. Alisema kuna mtu alikutana naye, hakumtaja nami sikumuuliza, aliyemwambia ya ndani ya nyumba ndiyo inayouzwa ghali, na kwamba nchi nyingine zimeshakubali. Akanitajia Lesotho, akanitajia Rwanda. Alikuwa amesoma. Ni kweli, Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, na Rwanda ilipitisha utaratibu wake mwaka 2021. Lakini kule ni leseni, ua na walinzi, na ya Rwanda ni ya dawa, ya kupelekwa nje. Si hema kwenye chumba cha bibi. Kenya sheria ni ile ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na kifungu chake cha 6 nilimsomea polepole. Anayeotesha anaweza kutozwa faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea, ipi iliyo kubwa, au kufungwa mpaka miaka 20, au vyote viwili. Hilo alikuwa analijua kwa juu juu, alinijibu haraka. Ambalo hakulijua ni kwamba kifungu hicho hicho kinamtaja mwenye nyumba anayeruhusu nyumba yake itumike hivyo.

"Bibi hajui," akasema.

"Ndau?" nikamuuliza. "Bibi asijue kilichomo chumbani kwake?"

Kijiji chetu mtu akinunua sufuria mpya jioni inajulikana. Mwanga unaovuja dirishani usiku unaonekana mpaka kwenye maji, wavuvi wanaorudi wangeuliza siku ya kwanza. Na kichujio cha mkaa kinachuja harufu, hakichuji wajukuu wanaoingia bila hodi. Siku polisi wangekuja, mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa mama wa miaka sabini na kitu aliyekaa mlangoni kwake na ukili wake, na angejibu kwa heshima kwamba zile ni tungule za mjukuu wake.

Niseme wazi kwamba hotuba haikumgusa. Mimi mwenyewe nilijisikia kama mwalimu wa zamu. Kilichomgusa ni friza. Nilimsomea zile namba, 1.1, 0.6, 0.2, 1.16, akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo samaki wataoza." Nikasema, wataoza. Friza ile ndiyo inayomfanya asiuze samaki kwa bei ya kutupa siku boti ya mnunuzi isipokuja. Ameijaza kwa mikono yake, anaijua. Miaka 20 ni kitu cha mbali, ni cha watu wengine. Samaki kuoza anakujua harufu yake.

Alikasirika hata hivyo. Alisema ni rahisi kwangu kuongea, mshahara unaingia mwisho wa mwezi kaskazi au kusi. Sikuwa na jibu. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinijibu kwa neno moja moja.

Ile pesa aliyokuwa ameiweka ya hema na feni, sehemu yake ilienda kwenye wavu wa kivuli, mapipa mawili na mbegu za mchicha. Wazo lilikuwa la bibi, mimi nilichangia hesabu tu: wavu unaozuia nusu ya jua unabakiza moli 18 hivi, mara tatu ya zile 6 za taa, na mboga za majani hazihitaji zaidi ya hapo. Huko kwetu shida ya mche haijawahi kuwa mwanga mdogo. Jua linauchoma, upepo unaukausha, na maji hayatoshi. Usidhani mambo yalikwenda kama kwenye vitabu. Matuta ya kwanza aliyamwagilia maji ya kisima ili kuokoa ya jabia, chumvi ikaua zaidi ya nusu. Ya pili yakatoka. Analisha nyumba na majirani wachache, na anauza kidogo. Si pesa ya kamba mawe na hatajenga nayo. Kusi ikiingia bado ni shida, na sina programu ya hilo.

Taa nilibaki nayo mimi. Ipo kwenye rafu jikoni hapa Nairobi, ambako gorofa yangu imetazama ukuta wa gorofa nyingine na jua naliona kwa kusimuliwa. Hapa sasa taa ina kazi. Chini yake nina dania na miche ya pilipili, umbali wa sentimita 40, nimepunguza nguvu mpaka maikromoli 150, saa 16 kwa siku. Kipima umeme kinasoma wati 28. Ni kama kilowati-saa 0.45 kwa siku, na kwa bei ya stima ya sasa kila fungu la dania linanigharimu zaidi kuliko la mama mboga wa hapo chini, nimelihesabu na nimekataa kulitangaza. Kama ukitaka kuijaribu, angalia pia kifaa chake cha umeme kama kinaweza kupunguzwa nguvu, na kama unakaa pwani tafuta iliyozibwa, IP65, kwa sababu hewa ya chumvi inakula viungio vya waya kabla hujavuna chochote.

Juzi binamu yangu ameniandikia. Anauliza kama ile taa bado ninayo na kama naweza kumpelekea nikienda Idi.

Nikamuuliza ya nini.

"Ya dania," akaandika.

Nimemuuliza ni dania ya kwetu au dania ya bara. Amejibu kwa vicheko vitatu na picha ya friza, mlango uko wazi, imejaa changu.